Barly Baruti wa Kisangani: Hadithi za Picha katika Mpaka wa Kweli na Ajabu

Anayeandika historia ya fasihi ya Kongo kwa kawaida huanza na kitabu chenye maneno matupu na kuishia hapo hapo. Picha huachiwa wanahistoria wa sanaa, na hadithi za picha, ambazo Wakongo wengi huzijua kwa kifupisho cha Kifaransa, BD, huachiwa watoto. Mgawanyo huo una hasara yake. Mmoja wa wasimuliaji mashuhuri kabisa waliozaliwa Kisangani hakujipatia jina kwa riwaya wala kwa diwani. Alijipatia jina kwa kalamu ya kuchorea na brashi. Huyo ni Barly Baruti. Makala haya yanakusudia kumpima kama msimulizi, si kama mchoraji tu, na kuchunguza jambo moja ambalo wahakiki wa Ulaya hulipita haraka: namna anavyolitumia ajabu katika hadithi zinazodai kuwa za kweli, na lugha ambayo ajabu hilo linazungumza.

Baruti alizaliwa mwaka 1959, mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Jina la Kisangani, ambalo aghalabu huelezwa kuwa limetokana na neno la kisiwa likifuatwa na kiambishi cha mahali, lilikuwa vinywani mwa watu muda mrefu kabla ya serikali kuliweka katika ramani mwaka 1966. Wenyeji wengine husema Boyoma, na maana ya msingi ni ile ile. Jina la mchoraji mwenyewe nalo halikosi mvuto kwa mwanaisimu. Baruti ni unga wa bunduki, neno lililosafiri kutoka pwani pamoja na silaha na misafara. Katika eneo hili la mto limekuwa jina la mtu kwa zaidi ya karne moja: katika msafara wa Stanley wa mwaka 1887 alikuwamo kijana wa Basoko aliyeitwa hivyo hivyo. Ni moja ya mabaki ya Kiswahili ambayo watu huyabeba bila kuyawazia.

Utoto wake uliangukia miaka ambayo mji huu hauwezi kuisahau. Uhuru ulipatikana mwaka 1960, na Stanleyville ilikuwa ngome ya Lumumba. Mwaka 1964 Wasimba waliuteka mji, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka kutoka angani. Mwaka 1967 ukaja uasi wa mamluki. Haifai kudai kwamba kila mstari wa mchoraji unatokana na matukio hayo, kwani uhakiki wa namna hiyo ni rahisi mno. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba kwa mtoto wa miaka minne, watu wanaoshuka kutoka mawinguni na wapiganaji wanaoamini kwamba dawa hugeuza risasi kuwa maji hayakuwa mambo ya kusoma kitabuni. Mpaka kati ya habari na hadithi ulikuwa umevukwa nje ya mlango.

Hadithi za picha zenyewe Baruti hakuzianzisha yeye. Utawala wa kikoloni ulikuwa na gazeti lake, Nos Images, lililoanzishwa mwaka 1948, ambamo familia ya Mbumbulu ilifundisha "wenyeji" usafi, uwekaji wa akiba na adabu. Gazeti hilo lilitolewa kwa Kifaransa na kwa lugha kubwa za nchi, Kiswahili kikiwamo, jambo linalostahili kuzingatiwa: Kiswahili cha Kongo kiliingia chini ya picha mapema, lakini kiliingia kama lugha ya kuamrishwa. Tintin au Congo ya Hergé, iliyoanza kutoka Brussels mwaka 1930, iliwapa Wakongo vinywa vya kusema Kifaransa kilichovunjika. Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1968 jarida la Jeunes pour Jeunes lilianza Kinshasa, likichanganya Kifaransa, Kilingala na lugha ya vijana wa mitaani bila kuomba radhi kwa mtu. Kisha akaja Mongo Sisé na wahusika wake Mata Mata na Pili Pili, na baadaye Bingo. Alikuwa fundi wa mstari safi wa Kibelgiji aliyefungua mlango wa Ulaya kwa wenzake.

Baruti aliingia mlango huo huo, ila hakukaa barazani. Kazi zake za mwanzo ni za mafunzo: Le temps d'agir ya mwaka 1982 inahusu uhifadhi wa mazingira, na kama ilivyo kawaida ya kazi zilizoagizwa na taasisi, hadithi inalipishwa ushuru wa funzo. Mwaka 1987 yalifuata La voiture, c'est l'aventure na kitabu juu ya mwanamuziki Papa Wemba. Hapo ndipo mkono wake unapoanza kulegea na kucheza. Muziki si jambo la pembeni kwake, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mpiga gitaa na mwimbaji, na atazamaye namna anavyopanga watu katika kisanduku cha picha, nani asimame mbele, nani aitikie nyuma, huona mpangilio wa bendi.

Jambo lake kubwa kwa historia ya sanaa hii nchini huenda si kitabu chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake walianzisha Kinshasa karakana iliyojulikana kwa kifupisho ACRIA, na kupitia hiyo wakaandaa maonyesho ya hadithi za picha za Kiafrika mjini humo. Tarehe hizo si za kupitwa haraka. Septemba 1991 askari wasiolipwa waliupora mji wa Kinshasa. Viwanda vilifungwa, uchumi ukaanguka. Katika hali hiyo watu walikaa wakafundishana kuchora mikono na mikunjo ya nguo. Majina ya Pat Masioni, Fifi Mukuna na Asimba Bathy hutajwa pamoja na kundi hilo. Asimba Bathy alikuja baadaye kuongoza jarida la Kin Label mjini Kinshasa. Masioni alikwenda Ufaransa, na kisha akachora sehemu ya mfululizo wa Kimarekani wa Unknown Soldier, ambao hadithi yake inatokea Uganda ya kaskazini. Ushawishi wa mchoraji hupimwa kwa wanaomwiga, lakini pia, na huenda zaidi, kwa wale aliowapa meza ya kuchorea wakaacha kumwiga.

Baruti mwenyewe aliondoka nchini mwaka 1992 na kuishi Ubelgiji. Huko, pamoja na mwandishi Mfaransa Frank Giroud, aliyefariki mwaka 2018, alitoa albamu tatu za Eva K. kati ya mwaka 1995 na 1998, kisha albamu saba za Mandrill hadi mwaka 2007. Mandrill inatokea Ufaransa ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Zimechorwa kwa ustadi usio na shaka, na zilithibitisha hoja ambayo wakati ule ilihitaji kuthibitishwa: kwamba mchoraji wa Kongo hafungwi na Kongo, kwamba anaweza kuchora mvua ya Paris vizuri kama mtu aliyezaliwa chini yake. Lakini msomaji wa Kisangani anayezipitia huzistahi zaidi ya anavyozipenda. Ni kazi za mgeni mwenye adabu katika nyumba ya watu.

Hapo ndipo suala la ajabu linapoanza kuwa na uzito. Hadithi za picha zina ukaribu wa kimaumbile na ajabu, kwa sababu kuchora joka hakugharimu zaidi ya kuchora baiskeli. Afrika ya Kati na ya Mashariki zimezaa mabingwa wa njia hiyo. Nairobi, Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Kenya hadi kifo chake mwaka 2012, alijenga katika Akokhan ulimwengu mzima wa nguvu za kichawi unaotokana na mapokeo ya Kiafrika. Kinshasa, Papa Mfumu'eto wa Kwanza alitoa kuanzia mwaka 1990 vijitabu vya bei ndogo kwa Kilingala, vikiuzwa barabarani. Katika kilichompatia umaarufu, mwanamume anageuka chatu, anammeza mwanamke na kutapika dola. Wasomaji hawakuhitaji mfasiri wa kuwaambia chatu huyo alikuwa nani. Na kabla ya wote hao, msomaji wa Kiswahili alikuwa na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, nchi inayoelea angani ambamo mshtakiwa hatakiwi kusikilizwa. Katika kazi zote hizo ajabu halikimbii dunia. Hulizungumza jambo ambalo lingemfunga mtu jela kama lingesemwa waziwazi.

Kwa kulinganisha, Baruti aonekana kuwa mwanauhalisia. Katika kazi zake kubwa, joka halimmezi mtu. Wako waliomwona kwa sababu hiyo kuwa baridi, na Mfumu'eto kuwa sauti halisi ya watu. Uamuzi huo una chembe ya haki, lakini haujaangalia mahali ambapo Baruti ameliweka ajabu lake. Hakuliweka katika matukio. Aliliweka katika mtu mmoja.

Mtu huyo anapatikana katika Madame Livingstone, iliyotoka mwaka 2014 kwa hadithi aliyoitunga na Christophe Cassiau-Haurie. Mwaka ni 1915, mahali ni Ziwa Tanganyika. Luteni Gaston Mercier, rubani wa Kibelgiji, ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Ili kuipata meli anapewa kiongozi wa njia, chotara anayevaa sketi ya Waskoti, ambaye watu wamembandika jina la Madame Livingstone, na ambaye hudai kwamba ni mwana wa mvumbuzi David Livingstone. Hapana jini, hapana mzuka. Hata hivyo, kila mara mtu huyu anapoingia katika kisanduku, mizani ya ukweli huyumba. Je, ni mwongo? Ni mwenda wazimu? Au ni mtu pekee katika kambi nzima anayelijua jina la baba yake na gharama yake?

Nguvu ya albamu hii hutegemea kwamba mambo yanayoonekana kuwa ya kubuni ni ya kweli. Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupandishwa Kigoma kwa reli, ikaungwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walizivuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia misitu na milima ya Katanga hadi ziwani, na kamanda wao, Spicer-Simson, alikuwa na desturi ya kuvaa sketi mbele ya askari wake. Wabelgiji walibeba ndege za majini kwa vipande, wakaziunga karibu na ziwa na kuishambulia Kigoma kutoka angani mwaka 1916. Julai ya mwaka huo Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Mitambo ilikuwa imepakwa grisi kwa uangalifu, na mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, nalo ni jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia alipofika pwani ya kusini mwaka 1867. Mtunzi yeyote angebuni mambo hayo angeambiwa apunguze.

Hata hesabu za miaka humpa chotara yule nafasi. Livingstone alitembea kati ya Tanganyika na Lualaba tangu mwaka 1867, alikuwa Nyangwe mwaka 1871, akakutana na Stanley Ujiji mwaka huo huo, akafa mwaka 1873. Mtoto wa miaka ile angekuwa na umri wa miaka arobaini na kitu vita vilipofika ziwani. Albamu haihitaji kuthibitisha. Inatosha kwamba haiwezekani kukanusha, na katika nafasi hiyo nyembamba ndimo Baruti anamochora. Uso wa mhusika wake hubadilika kwa mwanga. Baina ya ukurasa na ukurasa ni mzee mwenye hekima, ni mchekeshaji, ni mtu aliyechoka. Huo ndio ufundi wa ajabu usiohitaji uchawi. Msomaji huachwa bila ardhi ya kukanyaga huku kila jani la mti limechorwa sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kisangani hawezi kulipuuza. Vita hivyo vya ziwa vilikwisha kusimuliwa mara moja kwa picha, tena karibu kabisa na mji huu. Filamu ya The African Queen, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ilipigwa kwa sehemu kubwa katika eneo la Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, kando ya mto Ruiki, mwaka 1951. Wamarekani na Waingereza walikuja na mashine zao, wakaigiza vita vya Wazungu na Wazungu, na wenyeji wa mtoni wakawa mandhari. Miaka minane baadaye Baruti alizaliwa. Miaka 63 baada ya filamu ile, hadithi ya ziwa ilisimuliwa upya na mtoto wa mji ule ule, na aliyekuwa mandhari akawa ndiye anayeijua njia. Wapagazi, askari wa Force Publique, wanawake wa kambini: Baruti anawapa nyuso mbalimbali, si uso mmoja uliorudiwa. Kwa mchoraji kazi hiyo ni ya saa nyingi, na kwa historia ni marekebisho makubwa kuliko hotuba.

Kazi zilizofuata zinaendeleza njia hiyo kwa viwango tofauti. Chaos debout à Kinshasa ya mwaka 2016, kwa hadithi ya Thierry Bellefroid, inamleta Mmarekani mweusi wa Harlem Kinshasa mwaka 1974 kushuhudia pigano la Ali na Foreman. Mji wenyewe ndio ajabu hapo, na rangi zake zinashangilia, ingawa hadithi inajua mno kwamba msomaji wake yuko Ulaya. Mwaka 2018 kikafuata Le Singe jaune, tena pamoja na Cassiau-Haurie.

Linabaki suala la lugha, na hapo sifa hazitoshi. Albamu zote hizi zimeandikwa kwa Kifaransa, zimechapishwa kwa jalada gumu na kuuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi wa Kisangani haiwezi. Mfumu'eto, kwa karatasi yake mbaya na wino wake unaochafua vidole, alisomwa na wachuuzi. Baruti, mzaliwa wa mji ambao Kiswahili na Kilingala hukutana sokoni kila asubuhi, husomwa zaidi ng'ambo. Kosa hilo si la mchoraji. Wachapishaji wa hadithi za picha kwa Kiswahili walikuwa Dar es Salaam na Nairobi, si kwenye maporomoko ya Wagenya. Lakini madhara yanaonekana katika kurasa zenyewe: watu wa Tanganyika ya mwaka 1915, ambao wangesemezana kwa Kiswahili, wanasemezana kwa lugha ya luteni.

Madame Livingstone inastahili tafsiri ya Kiswahili, na kazi hiyo ingekuwa mtihani mzuri kwa idara yoyote ya isimu. Kwanza ni nafasi. Kiputo cha maneno kimechorwa kwa kipimo cha sentensi ya Kifaransa yenye maneno mafupi mengi. Kiswahili huweza kusema kwa neno moja, "sikukwambia", kile ambacho Kifaransa husema kwa maneno matano au sita, lakini neno hilo moja halikatiki vizuri mwishoni mwa mstari. Pili ni lahaja. Kiswahili sanifu vinywani mwa wapagazi wa Maniema kingekuwa uongo wa aina ya pili, baada ya ule wa Kifaransa. Mpagazi wa upande huu husema "batu" pale wa Ujiji asemapo "watu", na "mutoto" pale mwingine asemapo "mtoto". Mfasiri mwenye sikio angezitumia tofauti hizo kuonyesha, bila maelezo ya pembeni, nani ametoka ng'ambo ipi ya ziwa. Kiswahili cha luteni kingekuwa kile cha amri, chenye vitenzi vichache na viambishi vilivyopotea, na kwa mara moja katika historia ya hadithi hizi ni Mzungu ambaye angesema lugha iliyovunjika.

Tatu ni jina lenyewe. "Madame" ni dhihaka inayotokana na sketi. Kulitia "Mama Livingstone" kungeiua dhihaka hiyo, kwa kuwa Mashariki ya Kongo "mama" ni heshima anayopewa kila mwanamke mzima. "Bibi Livingstone" lingefaa zaidi, ila pwani lingeleta picha ya ajuza au ya mwanamke mstahiki, na Kisangani, ambako bibi wa mtu ni mke wake, lingemfanya mwana kuwa mke wa baba yake. Kuliacha "Madamu", kama lilivyokwisha kuzoeleka katika maneno ya mji, kungehifadhi kicheko cha askari na kumwachia mwenye sketi siri yake.